Tiba Inayoanzia Kwenye Beseni la Kuogea

Mama akisema mwanawe wa miezi kumi bado hakai, jibu analopewa mtaani mara nyingi ni lile lile: subiri, hata baba yake alichelewa. Jibu hilo limewagharimu watoto wengi. Ubongo hukua kwa kasi kubwa zaidi katika miaka mitatu ya kwanza, na mazoezi yanayoanza wakati huo hushika kuliko yale yanayongoja umri wa shule. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha kuwa karibu watoto wote wenye afya hukaa bila kushikwa wakifika miezi tisa hivi, na hutembea wenyewe kabla ya miezi 18. Kutotambaa kusikutie hofu. Wapo wanaoruka hatua hiyo na kutembea vizuri tu.

Wengi wetu hutazama miguu. Mimi naomba utazame mikono kwanza. Mtoto wa miezi minne anayekunja ngumi muda wote anahitaji kuonwa. Vivyo hivyo yule ambaye hajatimiza mwaka lakini kila kitu anakishika kwa mkono mmoja: ndugu hufurahi kwamba amechagua mkono mapema, kumbe huenda mkono wa pili una shida. Ongeza anayekakamaa ukimvalisha na anayepaliwa kila anapokunywa. Kama alizaliwa njiti, hakulia alipozaliwa au alipata manjano kali, usingoje hata dalili hizo zikamilike.

Anayefaa kumwona ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye kazi yake ni kumwezesha mtoto kula, kuoga, kuvaa na kucheza. Anza kwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, umwombe rufaa. Kwa Tanzania, hospitali za CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi huwahudumia watoto hawa. Kenya, uliza katika hospitali ya kaunti. Usikubali kungoja hadi ugonjwa upate jina. Mtoto mwenye utindio wa ubongo na yule aliyechelewa tu wote hunufaika na mazoezi ya mapema.

Lakini miadi ya hospitali ni ya nusu saa, tena mara chache kwa mwezi. Siku zote nyingine tiba iko mikononi mwako, ndani ya kazi ambazo ungezifanya hata hivyo.

Chakula ndicho cha kushughulikia kwanza, kwa sababu hapo ndipo maisha yenyewe yalipo. Usimlaze mtoto na kummiminia uji, wala usimzibe pua ili ameze. Uji ukiingia kwenye mapafu huleta nimonia. Mkalishe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Kaa mbele yake, usawa wa macho yake. Leta kijiko kutoka chini, kiguse ulimi, kisha ngoja afunge mdomo mwenyewe. Uji mzito kiasi humsumbua kidogo kuliko mwepesi. Itachukua muda mrefu, na wengine nyumbani wakubali kukupokea kazi nyingine ili upate muda huo.

Asiyeweza kukaa mwekee khanga zilizokunjwa pande zote za nyonga ndani ya beseni la kuogea, mikono ikiwa huru kucheza, nawe usiondoke. Mwenye miguu inayokaza na kupishana mbebe mgongoni au kiunoni, mapaja yakiwa yametanuka. Bibi zetu walibeba hivyo, na walibeba vyema. Vigari vya kujifunzia kutembea viache dukani. Havifundishi kutembea, na huangusha watoto ngazini. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004.

Ukimvalisha, anza na mkono dhaifu. Ukimvua, umalizie nao. Ngumi iliyokaza usiivute vidole. Kunja kifundo cha mkono kuelekea ndani, papasa mgongo wa kiganja taratibu, nayo italegea. Kisha mpe cha kushika: mwiko, sufuria tupu, kikombe cha plastiki. Kiweke upande wa mkono anaousahau, na usikimbilie kumpa. Kuhangaika kidogo kukifikia ndilo zoezi lenyewe. Maharage na vifuniko vya soda viweke mbali na anayetia kila kitu mdomoni.

Kabla ya siku ya miadi, mpige mtoto video fupi kwa simu akila na akicheza nyumbani, kwani mbele ya mgeni huenda akalia tu. Ukifika hospitali, omba uonyeshwe zoezi, kisha ulifanye wewe mbele ya mtaalamu mpaka aseme umepatia. Na kama mchana mtoto hushinda na bibi au dada wa kazi, nenda naye huyo.