Unaogopa kupanda, mimi naogopa kushuka

Dada mpendwa,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe, umri wangu miaka 58. Mwaka 2006 nilinunua Toyota Corolla 110, toleo la 1997, likiwa limetembea kilomita 96,000. Leo dashibodi inasoma 412,000. Bado lina namba A, na wanafunzi ninaowafundisha wote wamezaliwa wakalikuta chini ya mwembe wa shule.

Gari hili limesomesha watoto wanne. Ndilo lililompeleka mama yangu hospitali Tanga mara ya mwisho, amelala siti ya nyuma, kichwa mapajani mwa mke wangu. Hakurudi. Mpaka leo nikikaa humo peke yangu naona kama nazungumza naye.

Sasa ni mwaka wa pili linachemsha. Kila Iddi tukipanda kwetu Lushoto lazima tusimame Soni, nifungue boneti, tusubiri lipoe, niongeze maji ndipo tuendelee. Fundi wangu, ambaye ni huyo huyo tangu mwanzo, ameshatoa themostati, amebadilisha feni, amezibua rejeta. Oili linakula kidogo. Ila ukilizoea halina shida: breki ukikanyaga mara mbili zinashika vizuri, na mkanda wa siti ya mbele mama watoto anaushika kwa mkono kwa sababu kile kidude cha kuchomekea kimekufa. Fundi anashauri tufungue injini nzima, anasema litakuwa jipya.

Tatizo ni watoto. Wamechanga milioni 14 wakaniwekea benki, wanataka niongezee niagize Harrier. Mkubwa wao alisema mbele ya shemeji zake kwamba gari langu linawatia aibu. Niliumia sana. Nimefikiria nichukue milioni tatu nifungue injini, zinazobaki nimalizie uzio wa nyumba ya kustaafia, nao niwaambie baadaye. Mke wangu, ambaye siku hizi magoti yanamsumbua, hasemi kitu. Nifanye nini?

Mwalimu, Korogwe

* * *

Kaka yangu, pole kwa mama. Miaka imepita, lakini pole haichelewi.

Nianze na maneno yako mwenyewe: “Ukilizoea halina shida.” Umeeleza vizuri habari za kuchemsha, za oili, za fedha na za ulimi wa mwanao. Lakini breki za kukanyaga mara mbili umezitaja kama mtu anayetaja mlango unaolia bawaba. Hapo ndipo niliposimama. Wewe gari lako linakutisha likipanda. Mimi linanitisha likishuka.

Breki nzima hushika mara moja. Kama pedeli inazama mara ya kwanza na kushika ya pili, basi mguu wako unafanya kazi ya pampu: kwanza unajaza pengo, ndipo unafunga breki. Huenda mafuta yanavuja, huenda hewa imeingia, huenda raba za ndani ya masta silinda zimekwisha. Na jambo ambalo mafundi wengi hawatuambii ni kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Yakishachanganyika na maji kisha yakapata joto kali, yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga mpaka chini na gari halisikii.

Sasa tuitazame barabara yako. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini kabisa, penye joto, kwenye barabara kuu. Katikati ni kilomita thelathini na ushee za kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori ya mboga yanakuja mbele yako. Mtu akishuka hapo mguu ukiwa juu ya breki badala ya kuliacha gari lizuiwe na gia ndogo, breki zinaungua. Injini ikichemsha unapata nafasi ya kusimama Soni, watu wakanyoosha miguu, mkasubiri. Breki zikichemka, hakuna Soni.

Kwa hiyo kabla ya habari ya Harrier, ya uzio na ya aibu, nakuomba gari hilo lisibebe mtu tena mpaka breki zitengenezwe, hata kama ni kwenda sokoni. Na ule mkanda wa siti uguswe siku hiyo hiyo.

Nalitaja la mkanda kwa sababu halikuniacha nilale. Mama watoto ameushika kwa mkono. Kaka, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuuzuia mwili wake gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Anaujua ukweli huo kuliko sisi wote, kwa kuwa yeye ndiye anayeushika Korogwe mpaka Lushoto, na Lushoto mpaka Korogwe. Unasema hasemi kitu. Umewahi kumuuliza? Kichwa cha mama yako kilikuwa mapajani mwake. Siti ile ya nyuma ni yake pia. Mimi naona amenyamaza kwa kukuheshimu wewe na marehemu, asije akaonekana ndiye aliyeliondoa gari la mama. Keti naye jioni moja, umuulize waziwazi anajisikiaje akiwa humo ndani. Kisha unyamaze yeye aongee.

Gari lako silidharau. Kilomita 412,000 kwenye Corolla 110 ni sifa kwa mwenyewe: maana yake oili ilimwagwa kwa wakati na mkanda wa taimingi ulibadilishwa kabla haujakatika. Wengine wameua magari mapya ndani ya miaka minne. Kama barua yako ingesema gari ni kuukuu lakini linasimama, mkanda unafunga na maji hayapungui, ningewaambia wanao wamwache baba na mkweche wake.

Lakini fundi anaposema litakuwa jipya, hapo nampinga. Simwiti mwizi, mtu aliyekaa na gari lako miaka yote hiyo analipenda kama wewe. Ila hilo la kutoa themostati ni kosa la mtaani lililozoeleka. Themostati huzuia maji mpaka injini ipate joto linalotakiwa. Ukiitoa, injini inatembea baridi kwenye tambarare na inakunywa petroli zaidi, na ugonjwa ulioleta kuchemsha unabaki palepale. Kama rejeta imezibuliwa na feni ni nzima na bado linachemsha, fungua kifuniko cha oili asubuhi injini ikiwa baridi, ukitazame kwa ndani. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Na tafadhali, ukisimama Soni usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Mvuke ule umewababua watu uso.

Ukitoa milioni tatu utapata injini yenye nguvu ndani ya bodi ya mwaka 1997, yenye bushi zile zile, waya zile zile na gia boksi ile ile. Chukua daftari, wewe ni mwalimu, uandike kila shilingi uliyompa fundi miaka hii miwili, na nauli ulizolipa gari likiwa gereji. Usikadirie, andika. Halafu mwonyeshe mama watoto.

Sasa fedha za watoto. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Milioni 14 hizo wamezitoa kwa ajili ya gari, na mpaka gari linunuliwe hiyo ni amana. Kuzihamishia kwenye uzio na kuwaambia baadaye hakukufai wewe uliyewafundisha watoto wa watu uaminifu maisha yako yote. Kama unadhani uzio ni muhimu zaidi, waite wote wanne, useme, wakubali au wakatae. Na siku hiyo hiyo mwambie mkubwa wako kwamba alikukosea. Neno la aibu mbele ya shemeji halisemwi kwa baba. Mwambie kwa upole, peke yenu, kisha umpe nafasi akueleze alichokuwa anakiogopa. Mzazi akiwa njiani na gari la kusimama Soni, mtoto aliye Dar es Salaam au Arusha anaitazama simu usiku kucha. Vijana wetu hofu hiyo hawajui kuisema, wanaisema kama aibu.

Harrier siwaungi mkono. Nyingi ya zile zinazopendwa mitaani zina injini ya cc 2,400, na kwetu ushuru hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Kisha kuna petroli ya kila wiki, na wewe pensheni iko miaka miwili mbele. Ningekuwa mimi, ningetafuta Toyota Raum, ile ya kizazi cha pili iliyotengenezwa 2003 mpaka 2011. Sababu ni magoti ya mke wako. Milango yake ya nyuma huteleza, na upande wa kushoto, ambako abiria hukaa, hakuna nguzo katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Ukiifungua yote miwili panabaki uwazi mpana, sakafu iko chini, mtu anaingia bila kujikunja. Injini ni cc 1,500, inapanda Soni bila kuhangaika, na inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Spea zake zimejaa Ilala na Kariakoo.

Ukiagiza, gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Wenzetu Kenya hawaliruhusu kabisa liingie. Sisi tunaliruhusu ila unalipia. Raum zote zimeshavuka umri huo, kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi ingia kwenye kikokotoo cha TRA, jaza aina, mwaka na injini, uone kodi yote. Mara nyingi kodi inakaribia bei ya gari au kuipita, na hapo ndipo wengi hukwama gari likiwa bandarini. Piga pia hesabu ya kununua lililokwisha kuingia nchini, namba D kwa mfano, kutoka kwa mtu na si kwa dalali.

Usiogope umri wa gari la Japani peke yake. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Watu wengi huachana na gari ambalo bado ni zima. Uogope kilomita zilizorudishwa nyuma. Dashibodi ikisoma 60,000 lakini raba ya pedeli imelika mpaka chuma na usukani umekuwa laini kama sahani, ondoka. Soma tairi: pembeni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye kadi. Nenda asubuhi na mapema, umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kwa sababu gari baya hujificha likishapata moto. Na mpeleke fundi wako huyo huyo. Akijua kwamba bado ni fundi wa familia, hata yeye ataacha kulitetea lile la zamani.

Kuhusu mama yako. Baba yangu alikuwa na Peugeot 404, na siku alipoiuza alikaa barazani mpaka giza, chai ikapoa mkononi. Sikumwambia kitu, na nafurahi sikumwambia. Alibaki na ufunguo, ukaning'inia msumarini chumbani kwake hadi alipofariki. Wewe pia bakiza kitu. Ningekuwa wewe ningevua kitambaa cha ile siti ya nyuma, kifuliwe, kikunjwe, kiwekwe pamoja na vitu vyake vingine. Kisha kabla gari halijaondoka, kaeni humo wewe na mke wako, mmsomee dua. Mkimaliza mtashuka wote wawili.

Kisha uliuze, lakini chagua mnunuzi. Ukimpa kijana wa mchomoko kwa bei nzuri, kesho litapanda Lushoto na watu saba ndani, na breki unazijua. Liuze kwa wauza spea walikate. Milango, taa na siti za 110 bado zinatafutwa. Likikatwa, fuata taratibu za TRA kulifuta kwenye usajili. Na kama utalitengeneza breki ukamuuzia mtu wa kulitumia, badilisha umiliki kabla hujampa ufunguo, maana faini za barabarani hufuata namba, na namba hiyo ina jina lako.

Haya yote yatachukua miezi, na Iddi haitasubiri. Mabasi ya Lushoto yanapita hapo Korogwe. Pandeni basi.