Blenda, Njugu na Mota Inayoungua: Fundi Anajibu

Wasomaji wa Amagoro, Malaba na Busia wanauliza kuhusu mashine za kusagia za jikoni. Fundi wetu wa vifaa vya umeme anajibu.

Fundi, nina pesa ya mashine moja tu. Ninunue blenda, au prosesa, ile ya bakuli pana?

Niambie kwanza unasaga nini, mama. Kama ni maembe, nyanya za mchuzi na chakula laini cha mtoto, blenda inatosha, usiongeze hata shilingi. Lakini kwa Wateso mboga nyingi huungwa kwa njugu au simsim, na hapo ndipo blenda nyingi hufia. Jagi lake ni refu, jembamba upande wa chini, na linahitaji majimaji ili chakula kizunguke. Njugu zikianza kutoa mafuta huwa ujiuji mzito unaoganda ukutani. Visu vinabaki kukata hewa, nawe unaongeza kasi ukidhani ndiyo dawa. Prosesa ina visu virefu vinavyofika karibu na kingo, na ni rahisi kuifungua ukakwangua kwa mwiko. Anayesaga njugu kila wiki anunue prosesa. Pesa zikiwa za blenda tu, chukua yenye kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu.

Nisage njugu vipi nisiiunguze mashine?

Kaanga njugu, pepeta maganda, acha zipoe kabisa. Usipite nusu ya chombo. Bonyeza sekunde chache, achia, kwangua, rudia. Kisha pindua mashine usome kibandiko cha chini, ambacho watu hawakisomi. Ukiona herufi KB na dakika, mathalani KB 1 min, maana yake mota haifai kukimbia mfululizo zaidi ya dakika moja bila kupumzishwa. Baadhi ya mashine zina swichi ya joto ndani. Hujizima zenyewe, na zikipoa huwaka tena. Kwa hiyo chomoa, ngoja ipoe, ujaribu tena kabla ya kuibeba kwa fundi.

Njugu zenye ukungu tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga wala kusaga. Na wimbi, mtama na muhogo mkavu wa unga ni kazi ya kinu cha posho, si ya mashine yoyote ya mezani.

Wati ngapi zinatosha?

Usiamini namba kubwa iliyopigwa rangi kwenye katoni. Mara nyingine hiyo ni nguvu ya kilele, ambayo mota huifikia kwa muda mfupi tu. Amini kibandiko cha chini. Kwa vitu laini, wati 350 hadi 500 zinatosha. Kwa njugu za mara kwa mara mimi nisingeshuka chini ya 600.

Tokeni za umeme zitaisha haraka?

Hapana. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima. Mashine ya wati 500 ukiitumia dakika sita kwa siku, uniti hiyo inakwenda siku 20. Friji na pasi ndizo za kuogopa. Ila sola ndogo ya taa na kuchaji simu haiwezi kuendesha mashine hii.

Ng'ambo, upande wa Uganda, nimeona mashine ya bei nafuu. Nivuke?

Umeme si tatizo: pande zote mbili ni volti 240 na plagi ya pini tatu za mstatili. Tatizo ni ushuru na dhamana. Nafuu ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Blenda ya China haibadiliki kuwa ya Uganda kwa kupita Malaba. Piga hesabu ya ushuru na nauli kwanza, ukikumbuka kwamba ikiharibika utavuka tena kumtafuta muuzaji. Ukinunua huku, angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba iliyo chini ya alama ya ubora uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukianza na SM# uone kama ni halali.

Aliyetumiwa mashine na ndugu aliye Marekani asiichomeke hivi hivi. Kule ni volti 120. Mota itaungua papo hapo.

Jagi la kioo au la plastiki?

Kioo, kama hakuna watoto wa kuliangusha. Plastiki hukwaruzwa na simsim na hushika harufu ya kitunguu saumu.

Nini huharibika kwanza?

Mara nyingi ni kaplingi, yaani kile kipande cha mpira au plastiki kinachounganisha jagi na mota, halafu mpira wa kuzuia kuvuja, halafu kaboni za mota. Vyote ni vitu vidogo, lakini visipopatikana mashine nzima ni takataka. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie mwenye duka akuonyeshe kaplingi na mpira wa modeli ile ile. Akikosa, nenda duka la pili.