SOMO: MAKTABA YA DIJITALI YA PAMOJA – MAFUNZO KUTOKA DODOMA NA NYANDA ZA KATI

Madhumuni ya somo hili ni kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi maana ya huduma za pamoja za maktaba ya dijitali, namna zinavyofanya kazi, na masharti yanayozifanya zidumu. Mfano unaotumika ni Mkoa wa Dodoma. Mkoa huo ni mpana na mkavu, una vyuo vingi mjini na vijiji vingi vilivyo mbali na mji. Mambo yanayoonekana huko yanavihusu visiwa pia, kwani kazi ya kutenganisha watu na vitabu inayofanywa kule na masafa ya nchi kavu, hapa hufanywa na bahari.

1. Hasara ya kutojua

Mashariki ya Dodoma ipo Kongwa. Huko ndiko ulikoanzishwa ule mpango mkubwa wa karanga wa Serikali ya Uingereza, uliobuniwa mwaka 1946 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Matrekta yaliletwa kwa wingi, reli ikatumika, wataalamu wakaajiriwa. Lakini mvua ya nyanda za kati ni ya msimu mmoja tu, kwa kawaida kati ya Disemba na Aprili, na haitabiriki. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa nao hukauka ukawa mgumu, hata karanga zikawa shida kung'olewa. Wagogo walioishi huko walikuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe kwa sababu walizozijua vizuri. Elimu ilikuwepo, ila haikuulizwa wala haikukusanywa mahali ambapo mwamuzi angeweza kuisoma kabla ya kutia saini.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Kazi ya kwanza ya maktaba ni kumwezesha anayeamua, awe waziri au mkulima wa ekari mbili, kujua yale ambayo wengine wamekwisha kuyajua.

2. Kushirikiana si wazo geni

Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ikafunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Disemba, 1967. Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kama ijulikanavyo leo. Tangu mwanzo ilieleweka kwamba haiwezekani kila wilaya ikanunua kila kitabu. Kwa hiyo vitabu vilinunuliwa na kuorodheshwa pamoja, kisha vikagawiwa kwa maktaba za mikoa, Dodoma ikiwemo. Katika miaka ya kampeni ya elimu ya watu wazima, vijiji navyo vilipelekewa vitabu ili waliojifunza kusoma wasije wakasahau.

Maktaba ya dijitali ya pamoja ni wazo hilo hilo kwa chombo kipya. Tofauti ni kwamba kitabu cha karatasi kikiazimwa Mpwapwa hakipo Kondoa, ilhali andiko la dijitali laweza kusomwa kote kuwili kwa wakati mmoja, iwapo sheria na mkataba vinaruhusu.

3. Kilichopo Dodoma

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dodoma una watu 3,085,625, na kati yao 765,179 wamo katika Jiji la Dodoma. Hivyo basi, watu watatu kati ya kila wanne wanaishi nje ya jiji, katika wilaya za Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa.

Hazina za maarifa, kinyume chake, nyingi zimo jijini na pembezoni mwake. Kuna Maktaba ya Mkoa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye hazina ya dijitali ya tasnifu na makala. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini. Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo. Na kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora. Mpwapwa ipo taasisi ya utafiti wa mifugo yenye historia ya tangu wakati wa Wajerumani. Bunge nalo huweka katika mtandao taarifa rasmi za majadiliano yake.

Kila taasisi ina mlango wake. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti vimekwisha kujiunga katika umoja wa maktaba, unaojulikana kwa kifupi kama COTUL, ili kulipia majarida ya kitaaluma kwa pamoja. Ipo pia mipango ya kimataifa, kama ule wa majarida ya kilimo ulioanza mwaka 2003 kwa jina la AGORA, ambayo huzipa taasisi zilizosajiliwa za nchi zinazoendelea nafasi ya kusoma bure au kwa bei ndogo. Lakini taasisi iliyosajiliwa ndiyo inayofunguliwa. Afisa ugani aliyeko Bahi, mwalimu wa skuli ya msingi Chemba na mfugaji wa Kongwa hubaki nje, ijapokuwa tasnifu husika yaweza kuwa iliandikwa kutokana na majibu waliyotoa wao wenyewe. Pengo hilo ndilo ambalo huduma ya pamoja inakusudiwa kuliziba.

4. Namna huduma ya pamoja inavyofanya kazi

(a) Orodha moja. Msomaji anatakiwa atafute mara moja na apate majibu ya maktaba zote. Hilo haliwezekani bila kanuni moja ya kuandika majina. Maktaba moja ikiandika "Shaaban Robert", nyingine "Robert, Shaaban" na ya tatu "Robert, S.", kompyuta itadhani ni watu watatu. Majina ya mahali yana shida hiyo hiyo: katika maandiko ya Wajerumani, Mpwapwa huandikwa "Mpapua". Mkutubi asipoyaunganisha majina hayo, taarifa ya zamani itakuwepo lakini haitapatikana. Programu za kufanya kazi hii zipo na hazilipiwi leseni. Mojawapo ni Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Gharama hasa ni ya muda na uangalifu wa watu.

(b) Haki za watunzi. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kupiga picha kurasa za kitabu na kukisambaza si huduma ya maktaba. Kwa sababu hiyo, mafungu matatu yatenganishwe: maandiko yaliyo huru kwa wote, yale yanayosomwa kwa mkataba, na yale yanayosomwa ndani ya jengo tu. Taarifa na miongozo iliyotayarishwa kwa fedha za umma iwekwe katika fungu la kwanza kila inapowezekana.

(c) Nakala ya karibu. Mnamo Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, huduma ya intaneti ilidhoofika nchini Tanzania na katika nchi jirani. Wakaazi wa Unguja, kwa upande wao, hawajasahau Disemba 2009, pale kisiwa kilipoanza kipindi cha takriban miezi mitatu bila umeme. Maktaba inayotegemea waya mmoja hufungwa na waya huo. Kwa minajili hiyo, maandiko yanayotumika zaidi yawekwe katika kompyuta ndogo iliyopo skuli au ofisi ya kata, yenye umeme wa jua, na simu za wasomaji ziunganishwe nayo papo hapo bila kupitia intaneti. Kinachohitajika ni nakala hiyo kusahihishwa kila baada ya muda uliopangwa.

(d) Mtu wa kuhudumu. Kompyuta haimwulizi mkulima anataka nini. Mkutubi humwuliza, akagundua kwamba anayetafuta "dawa ya mtama" ana shida ya ndege au ya ghala. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo hufundisha kazi hii. Mradi unaonunua mashine bila kutenga mshahara wa mhudumu huishia kwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli.

5. Maarifa ya wenyeji

Nyanda za kati zina Wagogo, Warangi, Wasandawe, Waburunge na wengineo. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, yaonyesha kwamba kuweka kumbukumbu huko hakukuanza na karatasi. Maktaba ya pamoja inayoleta maandiko kutoka nje tu huwafanya wenyeji kuwa wapokeaji daima. Simulizi za wazee, majina ya mimea na historia za njaa na mvua zirekodiwe kwa lugha zao, kwa ridhaa yao. Msimulizi atajwe, na nakala irejeshwe kijijini. Yale ambayo jamii inaona si ya kutangazwa, yasitangazwe.

6. Siri ya msomaji

Kadi ya zamani ilionyesha nani aliazima kitabu gani, na iliishia kwenye kijaluba cha mkutubi. Mfumo wa pamoja huweza kuonyesha hayo kwa maktaba zote. Mtu anayesoma juu ya maradhi yake, talaka au mgogoro wa ardhi, akiogopa kujulikana, ataacha kusoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu jambo hili. Kanuni iliyo njema ni fupi: taarifa isiyohitajika isikusanywe, na iliyokwisha kazi ifutwe.

7. Muhtasari na maswali ya majadiliano

Huduma ya pamoja husimama juu ya orodha moja, haki zinazoheshimiwa, nakala iliyo karibu, mhudumu aliyefunzwa, na imani ya wananchi. Ikikosekana mojawapo, nne zilizobaki hazitoshi. Watumishi na wananchi wanashauriwa kuyajadili maswali haya katika ofisi, skuli na shehia zao:

(i) Ni taarifa zipi za idara hii ambazo mwananchi angezihitaji, lakini sasa zimo kabatini tu?

(ii) Je, taarifa hizo zimeandikwa jina, mwaka na mahali kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuzitafuta na kuzipata?

(iii) Umeme na intaneti vikikatika kwa mwezi mmoja, ni maandiko gani ambayo jamii haiwezi kuyakosa, na nakala yake ipo wapi?

(iv) Ni mzee gani katika shehia ambaye elimu yake haijaandikwa, na nani atakwenda kumwomba ruhusa ya kuirekodi?

Swali la nne ndilo lisiloweza kusubiri bajeti ijayo.