Usisubiri Kompaila Ikuchagulie Muundo wa Data

Una namba za simu 10,000 za wanachama wa SACCO, na nyingine 10,000 zilizotuma malipo. Unataka kujua nani bado anadaiwa. Ukiweka za malipo kwenye orodha ya Python, kila namba isiyomo itailazimu programu kuipekua orodha nzima. Ikitokea hakuna hata moja inayofanana, huo ni ulinganishaji mara milioni 100. Ziweke kwenye seti, na kila namba itajulikana imo au haimo karibu papo hapo. Unabadilisha mstari mmoja tu.

Basi kwa nini kompyuta isiubadilishe yenyewe? Watu wamejaribu, tena kwa bidii. Huko New York University, Jack Schwartz na wenzake waliunda SETL, lugha ambamo unataja seti tu, kompaila ikatafuta namna ya kuihifadhi. Lakini ukiwa umeandika orodha, tatizo ni kwamba seti haitunzi mpangilio wala marudio. Kabla ya kukubadilishia, kompaila lazima ihakikishe kwamba hakuna mahali mbele ambapo programu itahitaji kujua nani alilipa kwanza, au nani alilipa mara mbili. Na uhakika huo haupatikani kila mara: mwaka 1936 mwanahisabati Alan Turing alithibitisha kuwa hakuna njia moja ya kutambua kama programu yoyote ile itafika mwisho. Henry Rice, mwaka 1953, akaonyesha kuwa maswali kuhusu tabia za programu kwa jumla yana kizuizi hichohicho. Kwa hiyo kompaila ya uangalifu, ikishindwa kuhakikisha, huacha ulivyoandika. Inafanya vizuri.

Wewe unayajua yasiyoandikwa. Kabla ya kuanza, jiulize kazi gani itarudiwa zaidi: kutafuta, kuongeza mwishoni, au kutoa mwanzoni? Kisha ficha muundo nyuma ya funksheni moja, tuseme amelipa(namba), ili ukibadili mawazo usiguse programu nzima. Na pima kwa data halisi. Kwa vitu vitano, orodha huenda ikatosha kabisa.

Yanayoonekana wakati programu inaendeshwa, iachie mashine. Tangu Java 8, HashMap hugeuza yenyewe ndoo iliyojaa kupita kiasi kuwa mti. Hifadhidata ya PostgreSQL nayo huamua kwa takwimu zake kama itumie faharasa au isome jedwali zima. Ila faharasa ya safu ya namba za simu haitaiunda bila kuambiwa, kwa hiyo iunde wewe.