Maziwa Mepesi na Dawa ya Tezi

*Shangazi, mwanangu ana wiki tano. Nikiwa mjamzito niligundulika tezi yangu ya shingo imelegea, nikaanzishiwa levothairoksini. Sasa maziwa ni machache. Mama mkwe aliyakamulia kikombeni, akasema ni mepesi kama maji, dawa imeyaharibu. Nimeacha vidonge siku tisa, mtoto tunamwongezea maziwa ya ng'ombe. Je, maziwa yangu yana sumu?*
*Mama wa Kwanza, Njombe*

Mwanangu, hongera kwa kujifungua. Hayana sumu hata chembe. Dawa hiyo ni mfano wa homoni ambayo tezi ya kila mama hutengeneza, na inayopenya kwenye maziwa ni kidogo mno.

Tezi ikilegea, maziwa huweza kupungua na kuchelewa kushuka. Kwa hiyo hofu ya kuyaharibu ndiyo iliyokufanya uache kitu kinachoyasaidia, na hilo linaniuma. Nenda kliniki kesho na kadi yako, useme wazi kwamba umeacha dawa. Dozi ya ujauzito mara nyingi hubadilishwa baada ya kujifungua, na kipimo cha damu hufanyika kwenye wiki ya sita hivi. Umefika wakati wake. Ukirudishiwa vidonge, meza alfajiri kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Vile vya kuongeza damu viache hadi saa nne zipite, maana madini chuma huizuia dawa kufyonzwa.

Na kile kikombe? Maziwa yanayotangulia huwa mepesi, hata ya rangi ya samawati. Mngekiacha mezani kidogo, mngeona mafuta yakipanda juu. Mwache mtoto amalize titi moja ndipo umpe la pili.

Kitu kinachoweza kweli kupungua ndani ya maziwa ni madini joto, kwa kuwa mtoto huyapata kwako. Nyanda zetu za juu zinalijua rovu linaloletwa na upungufu wa madini hayo tangu enzi za bibi zetu. Nunua chumvi yenye madini joto, ifunike vizuri, uitie chakula kikikaribia kuiva.

Maziwa ya ng'ombe ni mazito mno kwa figo za mtoto wa wiki tano, na kila anaposhiba hayo, titi lako linakosa kunyonywa. Muuguzi ndiye atakayekwambia kama anahitaji nyongeza, na ipi. Mweleze pia kama macho yake bado ni ya njano, analala kupita kiasi au hapati choo, ili naye apimwe tezi.

Mama mkwe nenda naye. Mtoto apimwe uzito mbele yake.