Usikubali Ifutwe Kabla Hujasoma Herufi Zako



Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulipotoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, binti mmoja wa Biryogo alinijia ameikumbatia laptopu yake kama mtoto mwenye homa. Tangu usiku anaandika neno la siri, inakataa. Utafiti wake wa kumaliza chuo umo humo, nakala nyingine hana. Fundi alikwishamwambia dawa ni moja: kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Alikuja kuniuliza, "Dada, nikubali?"

Nikamwambia keti, andika tena, kisha bonyeza alama ya jicho pembeni ya kisanduku, tuone unachoandika. Neno lake tuliite Amani2019. Jicho lilipofunguka, kwenye kioo palikuwa na Q;qni@)!( na yeye akashika mdomo.

Mdogo wangu, hii ni hali ya Kigali hasa. Wengi wetu tulikulia kwenye Kifaransa. Mwaka 2008 serikali ikaamua shule zifundishe kwa Kiingereza, lakini kibodi hazikubadilika pamoja na madaftari. Mpaka leo utakuta kibodi ya Kifaransa, AZERTY, na ya Kiingereza, QWERTY, zimekaa meza moja. Na kompyuta haisomi herufi iliyochapwa juu ya kitufe. Inachojua ni kwamba umebonyeza kitufe cha mahali fulani, halafu inakipa herufi kulingana na lugha iliyowekwa. Laptopu ya binti huyu ni ya mtumba kutoka Ulaya, vitufe vyake ni vya Kifaransa, ila lugha ilikuwa imerukia Kiingereza. Alipobonyeza A ikaingia Q, M ikawa nukta mkato. Na kwa kuwa kwenye kibodi ya Kifaransa namba huandikwa kwa kushikilia Shift, namba zake zote zikageuka alama.

Tazama chini kulia kwenye ukurasa wa kuingilia. Ukiona ENG na vitufe vyako ni vya Kifaransa, bonyeza hapo uchague FRA. Kama vitufe ni vya Kiingereza, fanya kinyume chake. Ukishika kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha kuachia nafasi, lugha hubadilika. Ndivyo inavyobadilika bila wewe kujua, hasa mtoto akipitisha mikono.

Herufi zikiwa sawa na bado inakataa, endelea taratibu. Angalia Caps Lock. Angalia Num Lock, maana kwenye baadhi ya laptopu ikiwaka, herufi kadhaa za upande wa kulia hugeuka namba. Angalia pia inadai nini: PIN au neno la siri? Ni vitu viwili tofauti. Na kama ulibadilisha neno la akaunti yako ya Microsoft kwa simu, laptopu isiyo na intaneti bado inalikumbuka lile la zamani. Jaribu la zamani, au iunganishe kwanza na intaneti hapo hapo chini kulia.

Umelisahau kweli? Akaunti ya Microsoft hurejeshwa kwa simu, ilimradi namba au barua pepe uliyoiandikisha bado ni yako. Ikiwa akaunti ni ya kwenye kompyuta tu, ukikosea hukuletea njia ya kuweka neno jipya, na utajibu maswali matatu uliyoyachagua siku ya kwanza. Kompyuta ya ofisi usibahatishe mara nyingi, inaweza kujifunga. Mpigie mtu wa IT.

Fundi ni wa mwisho, na mwambie kwa sauti: toa mafaili yangu kwanza. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, atahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Neno la siri andika mwenyewe kwa vidole vyako. PIN ya MoMo, pesa zako za simu, haimhusu kabisa, hata akiwa jirani.

Narudi kwa binti yetu. Tulichagua FRA, akaandika herufi moja moja, akabonyeza Enter. Utafiti wake ulikuwa palepale, ukurasa ule ule aliouacha. Hatukuinuka mpaka tulipounakili kwenye flashi. Nikamwomba pia aibadilishe namba ya simu kwenye akaunti yake, maana iliyokuwepo ni ya laini aliyoitupa zamani.

Nawe usiku huu, kabla hujazima, fanya hayo mawili: nakili kazi yako, hakikisha namba ni yako. Siku laptopu ikikataa kukufungulia, utaketi kuisoma bila kutetemeka.

Dada yako anayekupenda.