Kabla Kikundi Hakijanunua Makafi



Mto Sagana unateremka kutoka Mlima Kenya hadi mji wa Sagana, na huko mbele ndio Tana. Kwa miaka mingi sasa kampuni za utalii zimekuwa zikiwateremsha wageni mtoni hapo kwa maboti ya mpira na kayaki, na vijana wetu wanaona kuna kazi. Vikundi kadhaa vimetuuliza jinsi ya kutumia akiba yao kununua vyombo. Tunaanza na kafi, kwa sababu ndilo linalonunuliwa kwa haraka na baadaye kujutiwa. (Mwenye kidimbwi cha samaki cha mita 300 za mraba, kama vile vilivyochimbwa na mpango wa serikali wa mwaka 2009, asijisumbue. Hapo nyavu inatosha.)

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kasia hushikizwa kwenye ubavu wa mashua. Kafi hushikwa kwa mikono miwili bila kufungwa popote. Kafi la kayaki lina mabapa mawili, moja kila upande wa mpini. Sisi watu wa mlimani tunajua jembe kuliko kafi, lakini mtu aliyelima siku nzima kwa jembe lenye mpini usiomfaa tayari anaelewa nusu ya somo hili.

Urefu ndio jambo la kwanza. Wenyeji wa Greenland, ambao wazee wao walitumia kayaki kuwinda baharini, walipima kafi kwa mwili wa mwenyewe: pima moja, yaani mikono ikinyooshwa pande zote mbili, kuongeza mkono mmoja kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Makafi ya dukani hupimwa kwa sentimita. Kwa bwawa au ziwa lililotulia, mengi ni kati ya 210 na 240. Mtu mfupi kwenye kayaki nyembamba achukue la chini, na kayaki pana inataka refu zaidi, la sivyo utagonga ubavu wake kila mara. Lakini kwa maji ya kasi kama ya Sagana kafi huwa fupi, karibu 190 hadi 200, maana pale unahitaji kugeuka upesi katikati ya mawe. Kwa hiyo kikundi kiamue kwanza: tunaenda bwawani au mtoni? Kafi moja halifanyi kazi zote mbili vizuri, hata muuzaji aseme nini.

Jambo la pili ni uzito, na hapa tufanye hesabu pamoja. Tuseme kijana anapiga kafi mara 30 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 1,800. Kama kafi lake limezidi la mwenzake kwa gramu 200 tu, ameinua kilo 360 zaidi, yaani magunia manne ya mahindi ya kilo 90! Ndiyo maana mabega huuma, na mtu aliyechoka mabega akipinduliwa na maji hana nguvu ya kujiinua.

Mpini wa alumini wenye mabapa ya plastiki ni wa bei nafuu na ni mgumu kuvunjika. Ubaya wake ni uzito, na asubuhi ya ukungu wa mwezi wa Julai unaganda mikononi kama barafu. Kwa wanaojifunza bwawani unatosha kabisa. Mpini wa nyuzi za kioo ni mwepesi zaidi, na kwa maoni yetu ndio unaofaa kikundi chenye nia ya kazi. Ule wa kaboni ni mwepesi kuliko yote, lakini bei yake ni kali na ukigonga jiwe vibaya unaweza kupasuka. Tusiununue kwa pesa za chama.

Bapa pana nalo huwavutia wengi, hasa vijana wenye misuli. Kweli linasukuma maji mengi, lakini linarudisha uzito wote begani. Mama au kijana mwembamba apewe bapa dogo, naye atafika.

Mkiwa dukani, shikeni kafi juu ya kichwa. Viwiko vikikunjika kama pembe ya mraba, hapo ndipo mikono hukaa. Kama ni la vipande viwili, litikiseni: kiungo kikicheza leo, mtoni kitaachia. Angalieni pia kama mabapa yamepishana kwa pembe. Ya mtoni mara nyingi hupishana nyuzi 30 hadi 45, na anayeazima lazima ajue linazungushwa kwa mkono gani, kulia au kushoto.

Bei ya makafi isimeze bei ya jaketi la kuokolea na kofia ngumu. Jamani, hapo hatubishani: jaketi kwanza, kafi baadaye. Na kila safari iwe na kafi moja la akiba.

Maswali ya kujadili kikundini: Je, tuna mtu aliyefundishwa kuokoa mtu majini? Ni nani atakayetunza makafi, na atayaweka wapi yasikae juani? Pesa zetu zikitosha makafi matatu mazuri au sita ya hovyo, tunanunua yapi, na wale wengine watasubiri zamu kwa utaratibu gani?